Mbayuwayu Kwao ni Wapi?

Hapana swali ambalo watu wa pwani hulitanguliza kwa mgeni kuliko hili: Kwenu wapi? Huulizwa kwa heshima, baada ya salamu na kabla ya kahawa, wala halikusudiwi kumtahayarisha mtu. Walakini juu ya jawabu lake hujengwa mambo mengi. Kwa jawabu hilo hujulikana nani asikizwe barazani na nani anyamaze, nani aitwe mwenyewe na nani aitwe wa kuja ijapokuwa ana miaka arubaini mtaani. Na wenye kulijibu ni wa namna mbili. Wako wasemao kwamba kwao mtu ni pale kilipozikwa kitovu chake. Na wako wasemao kwamba kwao mtu ni pale apatapo riziki yake na kulaza ubavu wake. Kila kundi lina hoja zake, na magomvi yaliyozaliwa na swali hili, Unguja na kwingineko, hayahitaji kuhesabiwa hapa.

Yafaa swali lenyewe lipimwe kwanza juu ya kiumbe asiye na nasaba ya kujifakharisha wala shamba la kurithi.

Katika mtaa wa Mpendae, upande wa Ng'ambo ya mji wa Unguja, miezi ya kaskazi ikikaribia huonekana mbayuwayu wamejipanga juu ya nyaya za umeme. Mgongo wao ni mweusi wenye kung'aa samawati, koo lao lina wekundu wa kutu, na mkia umepasuka kama mkasi. Uzito wa mmoja wao ni kama gramu 20, haufiki uzito wa finjani tupu ya kahawa. Mchana kutwa huruka wakila wadudu angani, na masika yakishika hawaonekani tena. Wako jamaa zao wengine wakaao Afrika mwaka mzima, lakini huyu wa mkia mrefu hajengi kiota Unguja hata siku moja. Kiota chake cha udongo hukijenga Ulaya na Asia, chini ya mapaa ya nyumba na ndani ya mabanda ya ng'ombe, na huko ndiko atagako. Naye akishahesabiwa miezi yake, huonekana kwamba ile aliyokaa Afrika na ile aliyokuwa njiani ni mingi kuliko ile aliyokaa penye kiota. Basi akiulizwa kwao, ajibu nini? Na watu wa Mpendae, ambao wengi wao babu zao walitoka Pemba, bara, Ngazija na Hadhramaut, si wepesi wa kumcheka.

Kabla ya kumhukumu, ni lazima ijulikane safari yake ni safari gani, kwani wengi wamemsema pasina kujua. Wazungu wa zamani, pamoja na elimu yao, hawakujua mbayuwayu wao waendako wakati wa baridi. Aristotle wa Uyunani aliandika kwamba wako ndege wajifichao mashimoni. Naye Olaus Magnus, askofu wa Uswidi, katika kitabu chake cha mwaka 1555 alieleza kwamba wavuvi wa kaskazini huwavua mbayuwayu kwa nyavu kutoka majini, wamelala chungu nzima pamoja. Maneno haya yalisadikiwa na wenye akili kwa miaka mingi. Ushahidi uliowashinda ulikuja mwaka 1822, alipopigwa korongo mmoja katika nchi ya Mecklenburg, Ujerumani, naye ana mkuki wa Kiafrika uliompenya shingoni. Alikuwa ameruka nao njia yote hiyo. Korongo huyo angaliko, amekaushwa, katika chuo kikuu cha Rostock. Kisha mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, akaanza kuwavisha ndege pete za aluminiamu zenye namba. Na mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire, Uingereza, mwezi wa Mei 1911, alikamatwa Natal, Afrika ya Kusini, mwezi wa Desemba 1912. Hapo mabishano yakaisha.

Manahodha wa pwani hawakuhitaji pete ili kusadiki kwamba kiumbe chaweza kwenda na kurudi kwa majira. Wao wenyewe ndivyo walivyoishi: walishuka na kaskazi kutoka Sur, Maskati na Ghuba, wakarudi na kusi. Na kabla yao Makureshi walikuwa na safari mbili mashuhuri kwa kila aliyekaa chuoni, ya baridi kwenda Yaman na ya joto kwenda Sham.

Sasa ni kwa nini? Watu wengi hudhani kwamba ndege hukimbia baridi. Dhana hii ni dhaifu. Manyoya ni nguo njema, na wako ndege wadogo kuliko mbayuwayu wakaao katika theluji miezi yote ya baridi maadamu wapata mbegu. Lakini mbayuwayu hali mbegu. Yeye ala wadudu warukao, na baridi kuu ikishuka Ulaya hapana mdudu arukaye. Basi akimbiacho ni njaa. Hili ni jepesi kufahamika. Lililo zito ni la pili: kwa nini arudi? Unguja wadudu hawaishi, wala hapana theluji. Kwa nini aiache neema aliyokwisha kuipata, akaruke maelfu ya maili juu ya jangwa, na wengi katika wenzake wafe njiani?

Jawabu ni makinda. Mwenye tumbo moja hutoshwa na Afrika. Mwenye matumbo matano ya watoto hana budi kutafuta mahali ambapo mchana ni mrefu na wadudu ni tele. Unguja, iliyo karibu na ikweta, tofauti ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki saa moja kwa mwaka mzima. Uswidi, mwezi wa Juni, jua hukaa juu zaidi ya saa kumi na nane, na wadudu hufumka kwa wingi usio na kifani kwa wiki chache. Tena ndege wenyeji wa Afrika ni wengi, na kila tundu na kila tawi lina mwenyewe. Kwa hiyo mbayuwayu huja Afrika kwa ajili ya nafsi yake, akarudi kaskazini kwa ajili ya wanawe.

Walakini hapa pana jambo la kuangaliwa. Mbayuwayu haondoki siku njaa ilipomfika. Huondoka wadudu wangaliko, na mwili ungali na nguvu. Nani amwambiaye kwamba njaa yaja? William Rowan, huko Alberta katika Kanada, katika miaka ya 1920 aliwawashia ndege taa wakati wa baridi, akaurefusha mchana wao kidogo kidogo, na viungo vyao vya uzazi vikakua kama kwamba majira ya joto yamefika. Basi urefu wa mchana ni ishara. Na Eberhard Gwinner wa Ujerumani aliwaweka ndege wengine katika vyumba ambamo nuru na giza havikubadilika. Pamoja na hayo, mwaka kwa mwaka, walinenepa na kuhangaika kwa nyakati zao, wakipigapiga mbawa usiku ndani ya tundu. Basi ndani ya mwili wa ndege pana saa ya mwaka mzima, na nuru ya mchana kazi yake ni kuisahihisha.

Baadhi ya watu wakisikia haya husema: Kumbe ni taa na saa tu, na maneno ya riziki na uongozi wa Mungu yamekwisha. Na wengine, kwa kuogopa neno hilo, hukataa habari ya taa na saa. Makundi yote mawili yamekosea mahali pamoja. Jahazi likiwa limeng'oa nanga, watu watatu wakaulizwa sababu, wa kwanza akasema: Kwa kuwa kusi limevuma. Wa pili akasema: Kwa kuwa tajiri ana boriti za kuuza Maskati. Na wa tatu akasema: Kwa kuwa Mola ameutiisha upepo na bahari. Nani katika hawa ni mwongo? Sababu ya karibu haiifuti sababu ya mbali, wala sababu ya mbali haimwachilii mtu asiijue ya karibu. Nahodha asiyejua upepo hakumtegemea Mungu. Ameizamisha mali ya watu.

Ama namna ya safari yenyewe, ni ya kustaajabisha hata kwa aliyezoea bahari. Kabla ya kuondoka ndege hula mpaka akajaa shahamu, na wako katika ndege wa ufuoni ambao uzito wao huwa karibu maradufu. Hiyo shahamu ndiyo makaa ya merikebu yao. Mwaka 2022 ndege mmoja wa namna hiyo, kijana wa miezi michache aliyefungwa chombo kidogo cha kupeleka habari kwa setilaiti, aliruka kutoka Alaska mpaka Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku kumi na moja, pasina kutua wala kunywa tone la maji. Njia yake ndege huijua kwa jua, kwa nyota, na kwa sumaku ya ardhi. Stephen Emlen wa Marekani, katika miaka ya 1960, aliwaweka ndege chini ya kuba ambamo taa zilifanya mfano wa nyota. Akiigeuza mbingu ile, nao hugeuka. Na Wolfgang Wiltschko, huko Frankfurt, aliwazungushia nyaya za umeme zilizopotosha sumaku, nao wakapotoka vile vile. Basi alicho nacho ndege kichwani ni kama dira ya nahodha na nyota zake, vyote pamoja.

Na jaribio lililo bora kuliko yote kwa mwenye kutafuta maana lilifanywa na Mholanzi, A. C. Perdeck, aliyelitangaza mwaka 1958. Kwezi zaidi ya 11,000 walikamatwa Uholanzi wakiwa safarini kwenda kukaa baridi Ubelgiji, Ufaransa ya kaskazini na Uingereza. Wakavishwa pete, wakapakiwa katika eropleni, wakafunguliwa Uswisi, mbali sana kusini na mashariki ya njia yao. Wazee, ambao walikwisha kusafiri zamani, waligeuka wakaelekea kwenye mahali pao pa kila mwaka. Vijana, ambao hiyo ndiyo safari yao ya kwanza, walishika upande ule ule waliokuwa wakiushika tangu Uholanzi, wakatokea Ufaransa ya kusini na Hispania. Kijana alikuwa na upande, wala hakuwa na mahali. Mzee alikuwa na mahali.

Katika habari hii pana jawabu kwa wale wasemao kwamba ndege ni chombo kisukumwacho tu. Aliyepewa tangu yaini ni upande na muda. Hilo ni ilhamu, wala hana hisani kwalo, kama mtoto mchanga asivyosifiwa kwa kujua kunyonya. Lakini mahali hakupewa. Mahali amejifunza kwa mbawa zake. Na ajabu iliyozidi ni hii: baadhi ya vijana wale waliopotezwa waliporudi nchi ya kaskazini kutaga, miaka iliyofuata wakaenda tena Hispania kukaa baridi. Hispania haikuwa katika urithi wao, wala baba zao hawakuijua. Walifikishwa huko kwa mkono wa mtu na kwa kosa, wakala, wakaishi, na mwaka wa pili wakapakusudia. Je, mwenye kushika kauli ya kitovu atawaambia nini hao?

Nayo kauli ya riziki haina nguvu zaidi. Yuko kozi mmoja wa rangi ya majivu, atagaye katika visiwa vya Oman wakati wa joto kali. Hutaga akiwa amechelewa kuliko ndege wengine, ili makinda yake yaanguliwe wakati ndege wadogo wa Ulaya na Asia wapitapo juu ya visiwa hivyo kwenda Afrika. Hao ndio awalishao. Kisha hushuka yeye na wanawe, wakapita Afrika ya Mashariki, wakaenda kukaa Madagascar. Akiulizwa riziki yake i wapi, atasema: Ya watoto Oman, nayo yapita njia, ya kwangu Bukini, na baina ya hizo mbili naila niikutapo. Basi riziki nayo ni msafiri, na atakayejenga kwao juu yake atakuwa amejenga juu ya maji.

Lakini shahidi mkubwa katika shauri hili yuko ufuoni. Maji yakitoka, katika fuo za tope na mchanga za pwani hii, kama ile ya Chwaka upande wa mashariki wa Unguja, au Mida karibu na Watamu, huonekana kundi la ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Ndege huyu huzaliwa katika visiwa na fuo za mchanga za Ghuba, Oman, Bahari ya Sham na Usomali. Mama hutaga yai moja tu, jeupe, ndani ya shimo alilolichimba mchangani, ambamo joto la ardhi humsaidia kulalia. Kisha wazazi na kinda huja pwani ya Afrika. Na kinda ajapo hajui bado kuvunja kaa. Hukaa nyuma ya mzazi wake, ameinama, akilia, naye mzazi humlisha huku huku Afrika, miezi baada ya kutoka shimoni. Basi huyu kazaliwa Oman, akalelewa Chwaka. Kitovu kiko kule, na ziwa la mama, kama ndege angekuwa na ziwa, liko huku.

Iliyo haki ni kusema kwamba swali lenyewe limeulizwa kwa ila. Limechukulia kwamba kwao kiumbe lazima pawe pamoja, na ya pili iwe ugenini. Kwa ndege hawa si hivyo. Jahazi lina bandari mbili, na ikifungwa moja, ile nyingine nayo haina faida, kwani hapana litakalokuja. Ufuo wa tope ukifukiwa, au mikoko ikikatwa ikawa kuni, hasara haiishii palipokatwa. Pana kisiwa cha Ghuba ambacho mwaka ule shimo moja litakuwa tupu, na watu wa huko hawatajua kwa nini. Kwa hiyo aliyeshika mwisho mmoja wa njia ameshika amana ya mwisho wa pili, kwa watu asiowajua wala hawatakutana.

Kwamba amana hii yaweza kuvunjwa na yaweza kurejeshwa, shahidi ni Pangti, kijiji cha Nagaland katika Uhindi. Huko hutua kila mwaka, mwezi wa Oktoba na Novemba, kozi wadogo watokao Urusi ya mashariki na China ya kaskazini, kwa malaki. Hupumzika penye ziwa la Doyang, kisha huvuka Bahari ya Hindi kwa upepo wa kaskazi, wakaingia Afrika ya Mashariki, wakaendelea mpaka kusini ya bara hili. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba wavuvi wa hapo walikuwa wakitandaza nyavu zao mitini badala ya majini, wakiwaua makumi ya maelfu na kuwauza. Ndege waliopungua Afrika mwaka ule waliuliwa na watu wasioijua Afrika. Lakini mwaka uliofuata, 2013, baada ya maneno ya wazee, makanisa, serikali na wenye kuhifadhi wanyama, nyavu hazikutandazwa, na wavuvi hao hao wakawa walinzi. Hawakuwa matajiri. Waliacha chumo la hakika kwa ajili ya viumbe watakaowaona siku chache tu kila mwaka.

Atasema mtu: Ndege ni halali, na maskini ana haki ya kula. Neno la haki, lakini halikutimia. Ndege wenye kucha za kuwindia si halali kwa Shafi, na katika vitabu vya madhehebu hayo khuttafu, naye ndiye mbayuwayu, ametajwa miongoni mwa wasioliwa. Na aliye halali ni halali kwa kula, si kwa mchezo wa manati. Tena mwenye njaa aliyekamata ndege mmoja wa ufuoni na mwenye mali aliyefukia ufuo mzima ili ajenge hawako katika mizani moja. Aajabiwe mwenye kumkemea wa kwanza akamwamkia wa pili.

Ama atakaye kuupeleka mfano huu kwa wanadamu, na aupeleke kwa tahadhari. Ndege hana ahadi wala deni wala kaburi la baba la kuzuru, na mtu anavyo. Lakini baada ya mapinduzi ya 1964 watu wengi wa Unguja walihamia Maskati, na mpaka leo ziko nyumba huko ambamo Kiswahili ndicho kisemwacho wakati wa kula. Wazee wao huko waliitwa Wazinjibari, na wakija Unguja kuzuru huitwa Waarabu. Aliye Mpendae, akimpokea mmoja wao mlangoni, aweza kulichelewesha kidogo swali lile mpaka kahawa iishe.

Na wale weupe wa ufuoni, mwezi wa Aprili ukifika na kusi likianza, wazee huondoka kurudi mashimoni kwao kutaga. Lakini katika vijana wa mwaka wa kwanza wengi hawaendi. Hubaki pwani hii, wakavuka masika na kipupwe peke yao, pasina mzazi wa kuwalisha, na kaa wakishajua kuwavunja wenyewe.